Jani Lililorudishwa

Wapendwa, mtu nitakayewaeleza asubuhi hii hayupo. Nimemtunga ili anisaidie kueleza jambo moja tu, amani na Mungu. Kwa hiyo msimtafute kijijini kwenu. Ila nawaonya mapema kwamba mtampenda. Mimi nilimpenda, na ndiyo maana mwisho wake unanitisha.

Aliishi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katikati ya migomba na kahawa, mahali ambapo maji ya kumwagilia hushuka kwa mfereji kutoka kwenye bwawa dogo la udongo lililoko juu. Kila nyumba ilikuwa na saa yake ya maji. Na kijiji kile kilikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua: anayeingia mferejini kuzibua tope huvua shati lake na kulitundika kwenye lango la bwawa. Shati likiwa langoni, lango halifunguliwi. Hata kama ni saa yako. Hata kama miche yako inakauka.

Asubuhi moja ya kiangazi mtu huyu alifika bwawani nusu saa kabla ya zamu yake. Miche yake ya kahawa ilikuwa imelegea. Akaliona shati langoni. Akaita mara moja, hakujibiwa. Akajiambia kwamba mwenye shati amekwisha kutoka, amelisahau tu. Akalitoa, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Kisha akafungua maji.

Chini kidogo, mahali mfereji unapopita ndani ya ardhi kwa urefu wa mita sita hivi, alikuwemo kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtoto wa pekee wa jirani yake. Walimtoa baada ya saa moja.

Polisi walikuja, wakaandika kwamba ni ajali. Mtu yule alikiri kwamba alifungua lango kabla ya zamu yake. Habari za shati hakumwambia mtu, hata mkewe.

Baba wa yule kijana alikuwa mgane. Nyumba iliyowahi kuwa na watu watatu ilibaki na mmoja. Mliofiwa mnajua: turubai linakunjwa, viti vya kuazima vinarudi vilikotoka, wa mwisho anaaga, na hapo ndipo mtu anaanza kuusikia ukimya wa nyumba yake mwenyewe.

Sasa niwaeleze desturi ya wenzetu wa mlimani. Kuna mmea unaoitwa isale, wenye majani marefu ya kijani. Hupandwa mipakani, na hupandwa makaburini. Mtu akimtendea mwenzake kosa zito, kosa ambalo maneno hayalitoshi, hukata jani la isale na kulipeleka kwa yule aliyekosewa. Kulikataa jani hilo ni jambo la kutisha, na wazee wengi hawajawahi kuona likikataliwa. Katika kijiji cha mtu wetu, mpokeaji hulipokea kwa mikono miwili, kisha wawili hao hukaa wakala pamoja, na neno limekwisha.

Angalieni jani linaelekea wapi. Linatoka kwa mkosaji, linakwenda kwa aliyekosewa. Upande wa pili haliendi. Liende kufanya nini?

Wiki mbili baada ya mazishi, lilikwenda upande wa pili.

Mke wa mtu wetu alikuwa uani akimenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Mumewe alikuwa nyuma ya banda la mbuzi. Wakamwona yule mfiwa akija kati ya migomba, mkono mmoja una panga, mkono mwingine una kitu ambacho hakikuonekana vizuri. Mume alipoliona panga, hakutoka nyuma ya banda.

"Hodi."

"Karibu, shemeji," mama yule akasema.

"Ndugu yangu yupo?"

"Ametoka, shemeji."

Mfiwa akalitazama banda, akaitazama ardhi. Akaliegemeza panga kwenye mgomba, mbali naye. "Basi nitakuachia wewe. Umpe hili."

Mama yule alipoona ni isale, alirudi nyuma hatua mbili. "Shemeji, umekosea njia! Hili ni sisi tulipaswa kulileta kwako."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nimelileta mimi. Ningengoja mpaka lini? Mwambie sina neno naye. Aje tule."

Mama akafuta utomvu kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili, akalia. Yule mfiwa akachukua panga lake, akarudi kwake.

Ndugu zangu, hebu tusimame hapa kidogo. Mmesikia mambo kama haya wapi? Mtu amemzika mwanawe, udongo haujakauka, naye anatembea kwenda kumbembeleza aliyemuua? Ni nani kati yetu angeweza? Mimi nasema ukweli: singeweza. Wala sijui kama ningeshauri mtu afanye hivyo. Lakini alifanya.

Mume akatoka nyuma ya banda.

"Ametaka nini?"

"Hakutaka kitu. Ameleta." Akamwonyesha.

Mume akalitazama jani kama mtu anavyotazama nyoka ambaye hajui kama amekufa. "Halitembei hivyo," akasema.

"Limetembea. Nimeliona kwa macho yangu. Amesema uende mkale."

"Tumia akili, mke wangu. Mtu umwulie mtoto, wiki mbili tu, akuletee jani? Huyo ama msiba umemchanganya, ama kuna jambo halijui."

"Jambo gani?"

Akainama, akaanza kuokota maganda ya ndizi.

"Baba, nakuuliza. Jambo gani?"

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nitakwenda kama mwanamume. Siwezi kwenda mikono mitupu, watu waseme nilibembelezwa na mtu niliyemkosea."

"Kwani amekuomba nini?"

"Hajaomba kitu. Ndiyo maana siwezi kwenda."

Je, mnamlaumu? Mimi sikumlaumu. Nilisema, huyu ana aibu, huyu ana heshima, huyu anajua uzito wa alichokitenda. Heri yeye kuliko wale wanaokosa halafu wanakuja kanisani wakitabasamu. Hata ninyi nawaona mnatikisa vichwa. Endeleeni kumpenda kidogo.

Mwezi uliofuata alikwenda mnadani akanunua ndama dume, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Akamjengea banda lake peke yake. Kila asubuhi alishuka tambarare, akakata nyasi, akapanda nazo mlima, mzigo kichwani, mgongo umelowa. Mvua ikinyesha, alikwenda. Akiwa na homa, alikwenda. Majirani walianza kumtania.

"Mwenzetu, huyo ng'ombe umemtolea mahari?"

"Muulize mkewe. Mama, bado unaitwa mke mkubwa?"

"Ndiyo mimi," mama yule alijibu, "ila mke mdogo ndiye anapelekewa chakula kitandani."

Wakacheka. Mume hakucheka. Alikuwa na kazi nyingine pia. Alizibua mfereji wa yule mfiwa kwa siri, kabla mwenyewe hajaamka. Alifagia uwanja wa kanisa bila kuombwa. Aliacha pombe. Lakini njia ya kupita mbele ya nyumba ya jirani yake hakuitumia tena. Alizunguka kwa nyuma, mwendo wa nusu saa, kila siku. Akiwa mezani, akisikia kikohozi cha mfiwa ng'ambo ya ua, aliacha kutafuna mpaka kikohozi kiishe. Na wakati huohuo, ng'ambo ya ua, kila Jumapili baada ya ibada, mfiwa alipika chakula cha watu wawili. Hakuna aliyemwambia kwamba mgeni wake anashughulika.

"Jani liko sandukuni mwaka wa nne sasa," mkewe alimwambia. "Panya wanalijua kuliko wewe. Nenda tu, baba. Nenda hivyo hivyo."

"Bado hajanenepa vizuri."

Mwaka wa nne ukaisha. Fahali akawa na shingo kama gogo. Ikafika Jumamosi moja, mtu wetu akamwosha, akampaka mafuta pembe, akavaa koti lake la harusi. Alichukua jani bichi la isale kutoka kwenye mpaka wake, na lile kavu la sandukuni akalifunga ndani ya gazeti. Akashika kamba, akapita njia kuu, ile aliyoikwepa miaka minne. Watu wakatoka kwenye migomba kumfuata.

"Angalieni shingo ile, jamani!"

"Huyo ndiye mwanamume. Amekosa, lakini ana utu."

"Leo tutakula nyama."

"Wewe unawaza nyama tu."

"Na wewe umefuata nini, mahubiri?"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mfiwa akasikia, akatoka mlangoni. Na alipoona ni nani anayekuja, uso wake ukafunguka. Hakumtazama fahali. Sidhani kama alimwona. Alishuka ngazi haraka, mzee wa watu, karibu aanguke. "Umekuja!" akasema. "Ingia, ndugu yangu, ingia. Chakula kiko tayari."

Laiti angeingia! Hatua zilizobaki zilikuwa kama kumi.

"Subiri kwanza," mtu wetu akasema. "Kwanza nirudishe hili."

Akalifungua gazeti, akamnyooshea mfiwa lile jani kavu.

Vigelegele vikakatika. Katika kijiji kile kurudisha isale kuna maana moja tu: sitaki amani yako. Yeye hakukusudia hivyo. Alidhani ni adabu. Alidhani anaweka mambo katika utaratibu wake.

"Jani hili lilikuja kabla ya wakati," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Mimi ndiye mkosaji. Mimi ndiye wa kuleta. Leo nimekuja na jani langu, na huyu hapa."

Mfiwa akamtazama fahali kwa mara ya kwanza. "Huyu ni wa nini?"

"Ni kwa ajili ya mwanao."

"Kwa ajili ya mwanangu." Akarudia polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Mwanangu atamfanya nini? Atamla?"

Yule mzee akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake.

"Hili ulilonirudishia," akasema, "unajua nililikata wapi? Nililikata juu ya kaburi lake, upande wa kichwani. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka saa nane mchana ndipo mkono wangu ukakubali. Mwanangu wote alikuwa ndani ya jani hili. Ukaliona halitoshi. Ukasema, tuongeze na ng'ombe."

"Sikusema hivyo, ndugu yangu. Nilitaka tu..." Kisha lile lililomkaba miaka minne likamtoka mbele ya watu wote. "Kuna jambo hulijui. Ungelijua, usingeniletea."

"Shati."

Mtu wetu akaikaza kamba mkononi.

"Nililikuta juu ya jiwe," mzee akasema. "Lilikuwa limekunjwa. Mwanangu hakuwahi kukunja shati maishani mwake. Mama yake alimkunjia mpaka siku alipokufa, kisha nikamkunjia mimi. Nilipoliona pale juu ya jiwe nilijua mkono wa mtu ulilitoa langoni, na nilijua ni mkono wa nani. Nilijua yote kabla sijalikata jani. Ulidhani nimekusamehe kwa kuwa sijui?"

Watu waliokuja kutafuta nyama walikuwa wanatazama chini.

Mzee akainuka. Akalishika lile jani kavu, ambalo ncha yake ilikuwa imeanza kuvunjika, akamnyooshea tena. Mara ya pili! Baada ya kutukanwa namna ile! "Halijaharibika," akasema. "Pokea."

Isale hupokelewa kwa mikono miwili. Mkono wa kulia wa mtu wetu ulikuwa umeshika kamba.

"Basi angalau umpokee ng'ombe," akasema. "Hata kama si fidia. Iwe heshima tu."

"Nikimpokea, watu watasema ulilipa. Na wewe ndiye utakayesema wa kwanza. Iache kamba."

Akamtazama fahali wake. Miaka minne ya nyasi, ya mvua, ya mgongo kulowa. Akawatazama wale waliompigia vigelegele njiani.

"Baba," mkewe akasema kutoka katikati ya watu, "nakuomba. Iache."

"Siwezi kupokea bure," akasema. "Siwezi, mbele ya watu wote hawa."

Akamgeuza fahali, akarudi naye nyumbani.

Hapo ndipo habari inapoishia. Nilijaribu kuifikisha mahali pengine, lakini singekuwa nimesema kweli, kwa sababu mtu huyu, ambaye nilisema hayupo, nimemwona mara nyingi mno. Nimemzika mara nyingi. Muungwana, mchapakazi, mwenye aibu, mikono imekaza kamba. Mara ya kwanza alimwua kijana kwa haraka ya maji, na kwa hilo alikuwa amesamehewa. Mara ya pili alikuja mchana kweupe, amevaa koti la harusi, kumpangia kijana yule bei. Nasi tulikuwa tunampigia vigelegele! Mimi nilikuwa wa kwanza.

Ndugu zangu, sisi ndio tuliolitoa shati langoni. Tuliona, tukajua, tukasogeza, tukafungua. Mungu ndiye aliyekosewa. Kwa haki yote jani lilitakiwa kutoka kwetu. Lakini tulipokuwa tumejificha nyuma ya banda, tukidhani amekuja na panga, alikuja na amani, na amani hiyo aliikata pale Mwanawe alipolazwa. Hapa mfano wangu unapungukiwa, na ninafurahi kwamba unapungukiwa. Kijana wa mfereji hakurudi kwa baba yake. Yesu Kristo alifufuka. Yeye mwenyewe ndiye anayepiga hodi, na anapiga hodi akijua yote. Kama umekaa hapo unasema, "Mungu angejua lile jambo langu asingeniita," nisikilize: alilijua kabla ya msalaba. Ndilo lililompeleka msalabani.

Sisi tunamjibuje? Tunamwambia asubiri, ng'ombe bado hajanenepa. Niache kwanza tabia hii, nifunge wiki mbili, nijenge jina langu upya kwenye jumuiya, ndipo nitakaa na Mungu kwa amani. Na wengine wetu hatuna hata hayo. Sisi tunayalisha majuto. Kila asubuhi tunashuka kuyakatia nyasi, na miaka inapita, na yananenepa, na tunadhani siku moja yatakuwa makubwa ya kutosha Mungu ayakubali. Wapendwa, kulia kwetu hakutatuokoa. Kama kulia kungetosha, Kristo angekufa kwa ajili ya nini? Kila tunachoongeza juu ya msalaba, hata kiwe kizuri namna gani, kinamwambia Baba kwamba Mwanawe hakutosha. Na tunamwambia hivyo kwa heshima, tukiwa tumevaa vizuri, tukidhani ni adabu!

Mtu ataniuliza: je, mtu huyu asingemzibulia tena mzee mfereji wake? Angezibua! Angemkatia kuni, angempeleka hospitali, angekuwa mtoto kwake. Lakini baada ya kula. Akiwa mtu wa nyumbani, akipita njia kuu.

Imani si kitu kigumu cha kueleza. Ni kumsadiki aliyeleta, na kupokea. Ugumu uko mikononi, kwa sababu lazima yote miwili iwe wazi, na watu wanatutazama, na tulichokishika tumekitunza kwa miaka mingi.

Basi anayetaka amani na Mungu leo, na aje. Aje alivyo. Nafasi ya kupiga magoti ipo. Mahali pa kufungia ng'ombe sikuandaa.